Der Hauptmann von Köpenick (filamu ya 1956)

Der Hauptmann von Köpenick (yaani "Kapteni wa Köpenick") ni filamu ya vichekesho ya Ujerumani Magharibi iliyotolewa mwezi Agosti 1956. Iliongozwa na Helmut Käutner, na mhusika mkuu aliigizwa na Heinz Rühmann. Inasimulia habari za fundi viatu maskini, aliyekuwa mfungwa, ambaye anavaa sare ya kapteni aliyoinunua dukani kwa muuza mitumba, anaamuru askari anaokutana nao njiani wamfuate, kisha anamkamata meya wa mji mdogo wa Köpenick karibu na Berlin. Watu wote wanamdhania kuwa ofisa halisi.

Filamu imetokana na tamthilia ya Carl Zuckmayer ya mwaka 1931, nayo tamthilia imetokana na tukio lililotokea kweli tarehe 16 Oktoba 1906. Wakati huo Kaisari Wilhelm II alitawala si Ujerumani tu bali pia koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambamo zilikuwemo sehemu ambazo leo ni mikoa ya Shinyanga na Geita.

Hadithi

Mtu asiye na karatasi

Wilhelm Voigt anatoka gerezani baada ya kifungo kirefu. Anataka kufanya kazi ya kushona viatu na kuishi kwa amani. Anapokwenda polisi kuomba kibali cha kukaa mjini anaulizwa kama ana kazi. Hana. Anaambiwa kwamba asiye na kazi hapewi kibali. Anapokwenda kutafuta kazi anaulizwa kama ana kibali. Hana. Anaambiwa kwamba asiye na kibali haajiriwi. Anazunguka hivyo kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Hakuna anayemtukana wala kumpiga. Kila karani anafuata kanuni yake tu.

Akiwa amekata tamaa, Voigt anavunja ofisi ya polisi usiku pamoja na mwenzake ili ajipatie pasipoti aondoke nchini. Wanakamatwa, naye anarudishwa gerezani. Mkuu wa gereza ni mtu apendaye mambo ya jeshi kupita kiasi. Anawafundisha wafungwa vyeo, amri na mipango ya vita. Voigt, ambaye hajawahi kuwa askari, anajifunza gerezani yale yote yatakayomfaa baadaye.

Anapotoka tena anapokelewa na dada yake Marie na shemeji yake Friedrich Hoprecht. Hoprecht ni mtu mwema anayeamini kwamba serikali haimwonei mtu mtiifu. Katika nyumba hiyo Voigt anamhudumia msichana mgonjwa na kumsomea hekaya. Siku ya maziko ya msichana huyo anapata barua ya polisi inayomwamuru aondoke. Hapo anagombana na shemeji yake, naye anaona wazi kwamba utii peke yake hautampatia mahali pa kuishi.

Safari ya sare

Sambamba na habari za Voigt, filamu inafuata habari za sare moja. Inashonwa na fundi Wormser kwa ajili ya Kapteni von Schlettow. Ofisa huyo anaingia katika ugomvi wa mkahawani akiwa amevaa nguo za kiraia, na askari mlevi anakataa kumtambua kuwa mkubwa wake. Kwa aibu hiyo analazimika kuacha jeshi, na sare inarudi kwa fundi.

Anayeichukua baadaye ni Obermüller, mtumishi wa manispaa ya Köpenick anayepata cheo cha ofisa wa akiba na hatimaye anakuwa meya. Miaka inapita, Obermüller ananenepa na sare inambana. Inarudi tena kwa Wormser, inavaliwa katika sherehe, inachafuka, na mwisho inaangikwa dukani kwa muuza nguo kuukuu. Voigt anaikuta hapo na kuinunua.

Siku ya Köpenick

Voigt anabadilisha nguo katika choo cha stesheni ya reli. Anaingia fundi viatu aliyeinama, anatoka kapteni. Anawasimamisha askari wanaopita, anawaambia kwamba wako chini ya amri yake, na wanamfuata bila swali. Wanapanda treni hadi Köpenick, wanaingia katika ofisi za manispaa, na Voigt anamtangazia meya Obermüller kwamba amekamatwa kwa amri ya Kaisari.

Meya anaogopa na kutii. Amekamatwa na sare iliyokuwa yake mwenyewe, naye haitambui. Voigt anachukua fedha za manispaa, lakini alichokuja kukitafuta ni pasipoti. Hapo ndipo mpango wake unapoharibika: anaambiwa kwamba ofisi za Köpenick hazitoi pasipoti, kwa kuwa kazi hiyo ni ya ofisi ya wilaya. Amri yake imeweza kila kitu isipokuwa kumpatia karatasi.

Mwisho

Magazeti yanaandika habari hizo na nchi nzima inacheka. Polisi wanamtafuta kapteni asiyejulikana. Voigt anajisalimisha mwenyewe, baada ya kuahidiwa kwamba akimaliza kifungo atapewa pasipoti. Kwenye makao ya polisi wanamtaka avae ile sare tena. Anaomba kioo, kwa sababu hajawahi kujiona akiwa ameivaa. Anapojitazama anaangua kicheko. Baadaye anasamehewa na Kaisari na kupata pasipoti yake.

Wahusika wakuu

Heinz Rühmann: Wilhelm Voigt, fundi viatu
Martin Held: Obermüller, meya wa Köpenick
Hannelore Schroth: Mathilde, mke wa meya
Willy A. Kleinau: Friedrich Hoprecht, shemeji wa Voigt
Ilse Fürstenberg: Marie Hoprecht, dada wa Voigt
Erich Schellow: Kapteni von Schlettow
Leonard Steckel: Wormser, fundi wa sare

Tukio la kweli

Wilhelm Voigt alizaliwa tarehe 13 Februari 1849 katika mji wa Tilsit, Prussia ya Mashariki. Alianza kufungwa akiwa kijana kwa makosa ya wizi na kughushi hati. Kifungo chake kirefu zaidi kilikuwa cha miaka 15, nacho kilimalizika mapema mwaka 1906. Alipata kazi kwa fundi viatu mjini Wismar, na mwajiri wake aliridhika naye, lakini polisi walimfukuza katika eneo hilo kwa sababu ya historia yake. Alikwenda kwa dada yake karibu na Berlin, na huko pia alipewa amri ya kuondoka.

Tarehe 16 Oktoba 1906, akiwa na umri wa miaka 57, alivaa sare aliyoikusanya kipande kwa kipande kutoka kwa wauza mitumba. Aliwasimamisha askari waliokuwa wakirudi kutoka zamu, akaongeza wengine, akasafiri nao kwa treni hadi Köpenick. Huko alimkamata meya Georg Langerhans, akaamuru mweka hazina afunge hesabu, akachukua mark 3,557.45 na kuacha stakabadhi yenye sahihi ya uongo. Meya alipelekwa Berlin chini ya ulinzi. Inasimuliwa kwamba alipoomba kuonyeshwa hati ya kukamatwa, alionyeshwa bunduki za askari.

Voigt alikamatwa siku 10 baadaye. Tarehe 1 Desemba 1906 alihukumiwa kifungo cha miaka 4, na mahakama ilizingatia kwamba polisi walikuwa wamemzuia kuishi kwa kazi halali. Kaisari alimsamehe mwezi Agosti 1908. Baada ya hapo Voigt alijionyesha mbele ya watu kwa malipo katika miji mbalimbali, na mwaka 1909 alitoa kitabu cha maisha yake. Alihamia Luxemburg, akafa huko tarehe 3 Januari 1922. Tangu mwaka 1996 sanamu yake inasimama mlangoni pa ofisi za manispaa ya Köpenick, mji ambao tangu mwaka 1920 ni sehemu ya Berlin.

Kuna tofauti kati ya tukio na filamu. Katika filamu Voigt anatafuta pasipoti kuliko kitu kingine. Katika tukio la kweli fedha zilichukuliwa, na ni vigumu kusema kwamba hazikuwa sehemu ya nia yake. Pia Voigt halisi hakujisalimisha bali alikamatwa. Zuckmayer alibadilisha mambo hayo ili hadithi yake imhusu mtu anayetafuta haki ya kukaa mahali.

Kutoka jukwaani hadi filamu

Tamthilia ya Zuckmayer ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Machi 1931. Mwandishi aliiita "hekaya ya Kijerumani". Ilipendwa sana na watazamaji, lakini Wanazi waliichukia kwa sababu ilidhihaki utii kwa sare. Walipochukua serikali mwaka 1933 kazi za Zuckmayer zilipigwa marufuku, naye baadaye alikimbilia Marekani.

Tamthilia iligeuzwa kuwa filamu mwaka uleule wa 1931 na mwongozaji Richard Oswald. Oswald naye alilazimika kuondoka Ujerumani, akaitengeneza hadithi hiyo upya nchini Marekani kwa Kiingereza katika miaka ya 1940.

Filamu ya 1956 ilitayarishwa na kampuni ya Real-Film ya Hamburg. Muswada uliandikwa na Käutner pamoja na Zuckmayer mwenyewe. Wakati huo Köpenick ilikuwa ndani ya Berlin ya Mashariki, upande wa pili wa mgawanyiko wa Ujerumani.

Mwaka wa kutolewa kwake ulikuwa na maana. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia Ujerumani ilikaa miaka 10 bila jeshi. Jeshi jipya la Ujerumani Magharibi liliundwa Novemba 1955, na sheria ya kuwalazimisha vijana kuingia jeshini ilipitishwa Julai 1956, mwezi mmoja kabla ya filamu kuonyeshwa. Watazamaji waliocheka walikuwa wakiona sare mpya zikirudi barabarani.

Maudhui

Vichekesho vingi vya kudhaniwa mtu mwingine hujengwa juu ya kufanana kwa sura: mapacha, au watu wawili wenye jina moja. Hapa hakuna anayefanana na Voigt. Ni mzee, mdogo wa umbo, na mwendo wake ni wa fundi aliyeketi miaka mingi juu ya kigoda. Watu hawakosei kwa kuangalia vibaya. Wanakosea kwa sababu hawamwangalii kabisa. Wanaangalia vifungo, upanga na kofia.

Filamu inaonyesha jambo hilo pande zote mbili. Von Schlettow ni kapteni wa kweli, lakini bila sare hatambuliwi na askari wa chini. Voigt si kapteni, lakini akiwa na sare anatambuliwa na mji mzima. Anachokijua mtazamaji, na wahusika hawakijui, ni kwamba sare hizo mbili ni moja.

Sehemu ya pili ya maudhui ni karatasi. Voigt anaposema ukweli kuhusu nafsi yake hakuna anayemsikiliza. Anaposema uongo akiwa amevaa sare, hata meya anasimama wima. Kwa hiyo kicheko cha filamu hakimwelekei mdanganyifu bali waliodanganywa, na utaratibu uliomfanya mtu mkweli asipate mlango wa kuingilia.

Uhusiano na Afrika ya Mashariki

Filamu haitaji makoloni, lakini dola inayoonyeshwa ndani yake ndiyo iliyotawala Tanganyika. Mwaka 1906, Voigt alipoingia Köpenick, vita ya Majimaji ilikuwa bado inaendelea kusini mwa koloni. Upande wa Ziwa Viktoria hali ilikuwa tofauti: Mwanza ilikuwa kituo cha utawala, na dhahabu ya Geita ilikuwa imetambuliwa na mtafuta madini Mjerumani mwaka 1898, ingawa mgodi mkubwa ulianza wakati wa Waingereza katika miaka ya 1930. Kiswahili kimehifadhi alama za kipindi hicho: neno "shule" limetokana na Kijerumani, na "hela" ni jina la sarafu ndogo ya Kijerumani iliyotolewa kwa koloni kuanzia mwaka 1904.

Sare ya ofisa wa Kizungu ilichekwa huku pia, kwa njia nyingine. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi bara hasa wakati wa vita kuu ya kwanza ya dunia. Wachezaji wake walivaa nguo za mtindo wa kijeshi, wakapiga gwaride na kupeana vyeo vya maofisa na wafalme wa Ulaya. Vyama vyake vilivyojulikana zaidi viliitwa Marini na Arinoti. Tofauti na Köpenick ni kwamba katika beni hakuna aliyedanganywa: mchezaji na mtazamaji wote walijua kwamba huyo "kapteni" ni jirani yao mpagazi au karani.

Kuhusu karatasi, Waafrika walilijua tatizo la Voigt vizuri. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915 iliweka kipande, hati ambayo mwanamume Mwafrika alitakiwa kuwa nayo ili atembee na kuajiriwa nje ya eneo lake. Tanganyika nako neno kipande lilitumika kwa kadi ya kuhesabu siku za kazi ya mkataba. Mwajiri aliyekataa kuijaza kadi alimnyima mfanyakazi ushahidi wa kazi aliyoifanya.

Mzunguko wa "bila kazi hakuna kibali, bila kibali hakuna kazi" unaeleweka kwa urahisi katika ukanda wa dhahabu wa leo. Watu wengi wa Kahama, Katoro au Nyarugusu walifika kutoka mikoa mingine kutafuta riziki migodini. Mgeni anayetaka kupata huduma fulani huombwa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji, na mwenyekiti anayeandika barua hiyo hutaka kwanza kumjua kama mkazi. Mwaka 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa nchini Tanzania, na usajili huo ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Asiyekuwa na namba hiyo aliweza kupoteza pia njia yake ya kupokea na kutuma fedha. Uchimbaji mdogo wenyewe unahitaji leseni, na vivyo hivyo biashara ya kununua dhahabu katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019.

Upande wa pili wa hadithi unajulikana pia. Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa la jinai Tanzania na Kenya, kama ilivyokuwa Prussia. Mahali ambapo mchimbaji hana uhakika wa karatasi zake, mtu yeyote anayefika na kofia, faili na sauti ya amri anaweza kutiiwa kabla ya kuulizwa kitambulisho. Kwa hiyo filamu inaweza kutazamwa pia kama funzo: ofisa wa kweli hapungukiwi na kitu akiulizwa hati yake. Köpenick mzima hakupatikana mtu aliyemtaka kapteni ajitambulishe akasimamia swali lake.

Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuilinganisha na tamthilia ya Nikolai Gogol ya mwaka 1836, iliyotafsiriwa kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Humo viongozi wa mji wanamdhania msafiri wa kawaida kuwa mkaguzi kutoka makao makuu. Tofauti ni kwamba mgeni wa Gogol anapewa cheo na hofu ya viongozi wenyewe, ilhali Voigt anakichukua kwa makusudi baada ya kunyimwa kitu kidogo zaidi.

Mapokezi na tuzo

Filamu ilifanikiwa sana nchini Ujerumani. Rühmann, aliyezaliwa mwaka 1902, alikuwa tayari nyota wa vichekesho tangu miaka ya 1930, lakini nafasi ya Voigt ilionyesha kwamba aliweza pia kuigiza huzuni. Alipata Tuzo ya Filamu ya Ujerumani mwaka 1957 kama mwigizaji bora.

Kimataifa, filamu iliteuliwa kugombea Tuzo ya Oscar ya Filamu Bora ya Lugha ya Kigeni katika mwaka wa kwanza wa kushindaniwa kwa tuzo hiyo. Mshindi alikuwa La Strada ya Federico Fellini kutoka Italia.

Matoleo mengine

1931: filamu ya Richard Oswald, Max Adalbert akiwa Voigt
Miaka ya 1940: filamu ya Richard Oswald nchini Marekani, Albert Bassermann akiwa Voigt
1997: filamu ya televisheni ya Frank Beyer, Harald Juhnke akiwa Voigt

Katika Kijerumani cha leo kuna neno maalumu, "Köpenickiade", kwa udanganyifu wa mtu anayejifanya mwenye mamlaka na kutiiwa kwa sababu ya mavazi au cheo chake cha uongo.